Tahadhari: Muuza Vitabu vya Ufundi vya Pikapu Aliyeniuzia Jalada

Ndugu zangu, assalaam alaykum. Naandika haya nikiwa na hasira, na kuliko hasira nina aibu, kwa sababu Jumanne ya wiki iliyopita ni mimi niliyeandika katika kundi letu kwamba yule kijana anayeuza vitabu vya ufundi vya pikapu ni mtu mwaminifu na kwamba mzigo wangu umefika salama. Maneno hayo nayafuta leo mbele yenu. Mzigo ulifika kweli, lakini nilipokuwa naandika nilikuwa sijaufungua.

Historia ya pikapu yangu ya Toyota Hilux mnaijua, na kisa cha pale Pongwe nikiwa na magunia ya machungwa mmeshakicheka vya kutosha, kwa hiyo sitakirudia. Itoshe kusema kwamba taa ya injini iliendelea kuwaka, gari likawa linakosa nguvu kila linapobeba mzigo, na lilipopimwa kwa kompyuta likatoa namba P0087, ambayo maana yake ni kwamba presha ya dizeli katika reli ya nozeli, yaani bomba linalozigawia nozeli dizeli, iko chini kuliko inavyotakiwa. Namba hiyo haisemi ni kitu gani kimeharibika. Huenda chujio la dizeli limeziba, huenda ni vali iliyoko kwenye pampu, huenda ni sensa au waya wake, na huenda ni pampu yenyewe, ambayo bei yake ikiwa mpya humkosesha mtu usingizi. Fundi wangu wa Ngamiani, hapa Tanga, ambaye ukali wake mnaufahamu, alikataa katakata kufungua pampu kwa kubahatisha. Alitaka kitabu cha ufundi cha injini ya gari langu, yaani 2GD, chenye mchoro wa waya na hatua za upimaji moja baada ya nyingine. Hakumaanisha kile kitabu cha mwenye gari kinachokaa kwenye droo ya dashibodi na kueleza namna ya kubadilisha tairi.

Ndipo nilipomkumbuka huyo kijana, ambaye tangazo lake lilikuwa limepita kundini mara nyingi: vitabu vya ufundi vya Hilux, Ranger, Navara, D-Max na L200, vyote kamili, shilingi 120,000 kila kimoja, nusu kabla na nusu mzigo ukifika.

Mtaniuliza kwa nini nilimwamini, na mke wangu ameshaniuliza swali hilo kila usiku tangu wakati ule, sahani ikiwa mbele yangu. Kwanza, alikuwa na adabu. Alianza kwa "Shikamoo baba", akanijulia hali, akauliza habari za mvua za Tanga kama mtu aliyewahi kukaa Chuda au Makorora, na hakunisukuma hata kidogo kuhusu pesa. Pili, alinitumia ujumbe wa sauti, na nyuma ya sauti yake ilisikika nyundo ikigonga bati kwa mbali, nami nikaiona gereji nzima kichwani mwangu. Tatu, na hili ndilo lililotumaliza mimi na fundi kwa pamoja, alituma picha ya ukurasa mmoja kuwa sampuli. Fundi aliichukua simu yangu kwa vidole vyenye grisi, akaikuza ile picha mpaka herufi zikawa kubwa kama za tangazo la barabarani, akaisoma kimya, kisha akasema, "Hiki ndicho. Kimetaja 2GD yenyewe." Nne, watu watatu walikuwa wameandika kundini kabla yangu kwamba mizigo yao ilifika. Mtu mzima akiona watu watatu wamepita juu ya daraja, hashuki chini kuzichungulia nguzo.

Nilituma shilingi 60,000 kwa simu. Jina lililotokea lilikuwa la mwanamke, nikamuuliza, akasema ni la mkewe kwa kuwa laini yake mwenyewe ilikuwa na tatizo. Hata mimi hupokea pesa kwa laini ya mke wangu, nikaona ni jambo la kawaida.

Siku ya Jumanne, baada ya alasiri, nilikwenda stendi ya Kange kupokea bahasha iliyotoka Dar es Salaam kwa basi. Ilikuwa bahasha ya kaki, imezungushiwa selotepu mara nyingi kupita kiasi, na nilipoibonyeza kwa kidole nikahisi flashi ndani yake. Kabla sijaondoka pale dirishani simu ikaita. "Baba, umeishika?" Nikamjibu kwamba nimeishika. "Imefungwa vizuri?" Nikamwambia imefungwa vizuri, na kwa kweli nilikuwa naisifu ile selotepu. Akaomba nimmalizie kwa sababu shule inamdai ada ya mtoto, nami nikasogea pembeni, karibu na mama mmoja aliyekuwa anachoma mahindi, nikaibana bahasha kwapani ili mikono yote miwili iwe huru, nikatuma shilingi 60,000 zilizobaki. Akashukuru, akaniombea dua. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeona haya kuomba, "Baba, kama hutajali, niandikie neno moja kule kundini. Sisi wadogo biashara yetu ni kuaminiwa." Nikaandika hapo hapo, nimesimama kwenye moshi wa mahindi, bahasha ikiwa bado kwapani.

Nyumbani binti yangu aliifungua flashi kwenye kompyuta yake. Jalada lilikuwa zuri mno: picha ya Hilux nyeupe, neno Revo, ambalo ndilo jina la Hilux za toleo la gari langu, miaka 2015 hadi 2020, injini 1GD na 2GD. Ndani kulikuwa na kurasa 412. Sikusoma, kwa sababu Kiingereza cha ufundi kinanichosha, lakini nilipeleka kurasa 60 zikachapwe katika duka la fotokopi, nikazibana kwa pini, na asubuhi nikaingia Ngamiani nimezishika kama mwalimu mkuu anayeingia na matokeo ya mtihani.

Fundi alilamba kidole, akafunua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, halafu akasimama. Akarudi nyuma ukurasa mmoja. Akaniuliza kwa upole ambao sijawahi kuuona kwake, "Mzee, wewe gari lako lina taiming belti?" Nikamwambia yeye ndiye fundi. Akasema, "Hiki kitabu kinatufundisha kubadilisha taiming belti. Injini yako haina belti. Ina cheni." Vijana wake walikuwa wanasikiliza, na mmoja alijiziba mdomo kwa kitambaa cha kufutia oili, jambo ambalo nililiona na sitalisahau. Fundi akanieleza kwamba injini za KD, zile za Hilux ya zamani tunayoiita Vigo, ndizo zenye belti, na kwamba GD zilipoingia mwaka 2015 zilikuja na cheni. Akainua ukurasa kwenye jua akanionyesha sehemu ya chini, ambako mtu alikuwa amepitisha ukanda mweupe kufunika maandishi, ila katika ukurasa mmoja mkono wake ulikosea, na ncha ya herufi ikabaki inachungulia: 2KD. Nilikuwa nimenunua kitabu cha gari jingine kilichovalishwa jalada la gari langu. Ule ukurasa wa sampuli ndio pekee uliokuwa wa kweli, na ndani ya zile 412 haumo.

Nawaombeni mlielewe jambo hili vizuri, kwa sababu kuna wanaoniambia kwamba hasara ni shilingi 120,000 tu. Fundi wangu anajua kusoma. Angekuwa kijana anayejifunza, akaufuata mchoro wa waya wa injini nyingine na kupima umeme mahali pasipostahili, au akakaza nati za hedi kwa vipimo vya KD kwenye GD, ningekuwa sasa natafuta injini na si kitabu. Wengine wangekuwa wanatafuta kitabu cha breki. Mtu anayeuza vipimo vya uongo vya breki ana tofauti gani na anayekata mpira wa breki usiku?

Nilimpigia, hapatikani. Picha yake imetoweka kwenye simu yangu. Binti yangu akamwandikia kwa namba yake mwenyewe akijifanya mteja wa Ranger, na haikupita dakika moja akajibiwa, "Shikamoo mama," kisha ukaja ujumbe wa sauti. Tukausikiliza pamoja na ule wangu, simu mbili juu ya meza. Nyundo iligonga mara nne, ikapumzika, ikagonga mara mbili, na jogoo akawika. Katika ujumbe wangu pia nyundo iligonga mara nne, ikapumzika, ikagonga mara mbili, na jogoo akawika mahali pale pale. Hiyo gereji ni sauti tu anayoicheza nyuma ya maneno yake.

Mtu huyu sitaki nirudishiwe pesa yangu na mambo yakaishia hapo. Nataka akamatwe. Nchi hii ina Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu mwaka 2015, na udanganyifu wa namna hii umo ndani yake, na sisi watu wa Tanga tunajua Gereza la Maweni liko wapi na tunajua kwamba kule hakuna selotepu. Namba yake nimeshaituma kwenda 15040, ile ya kuripoti matapeli, nanyi nawaomba kila aliye nayo aitume pia, na msiishie hapo, kwa sababu tapeli hununua laini nyingine kabla ya chakula cha mchana. Natamani siku moja akalishwe katika gereji ya Ngamiani, apewe hizo kurasa 412, aambiwe alitengeneze gari langu kwa kutumia kitabu chake, na vijana wote wamtazame.

Dalili zilikuwepo, nami nazieleza kwa kifupi kwa kuwa bado zinaniuma. Hakuniuliza namba ya chesisi hata mara moja. Namba hiyo ina tarakimu na herufi 17, na yangu inaanza na AHT, yaani gari limetoka Afrika Kusini, wakati Hilux nyingi nyingine huanza na MR0, yaani Thailand. Mtu anayejua kazi hii huanza na chesisi na herufi za injini ndipo ataje bei, kwa sababu gari la jina moja hubadilika kufuatana na soko. Alikuwa na ukurasa mmoja tu wa sampuli, na nilipoomba wa pili alicheka akabadilisha mazungumzo. Jina la pesa halikuwa lake. Na wale watu watatu waliomsifu kundini, nimewapigia mmoja mmoja: wote waliandika wakiwa stendi, kama mimi, na mmoja wao mpaka jana alikuwa hajaifungua flashi yake.

Nimekuja kuelezwa baadaye na fundi umeme mmoja kwamba Toyota wenyewe huuza ruhusa ya kusoma taarifa zao za ufundi mtandaoni. Upande wa Ulaya mtu anaweza kulipia hata saa moja, akaingia, akatafuta anachotaka na kukihifadhi. Upande wa Marekani hulipiwa kwa siku mbili, kwa mwezi au kwa mwaka, lakini huko mwenye Hilux hatapata kitu, kwa sababu gari hilo halijauzwa kule tangu katikati ya miaka ya 1990 ilipoingia Tacoma. Kuna atakayesema kwamba nami nilikuwa nanunua nakala ya magendo, kwa hiyo nimevuna nilichopanda. Atakuwa amesema kweli, na anisubiri kwanza hasira ipungue ndipo aniambie.

Sasa nazungumza na wale wawili, wa Muheza na wa Pangani, walionipigia kuniambia kwamba walimlipa baada ya kusoma ujumbe wangu. Ile nusu ya kwanza mliyotuma naihesabu kuwa deni langu, nami nitailipa machungwa yakiuzwa, gari likipona. Nusu ya pili msiitume hata akiwalilia. Alhamisi saa tatu asubuhi nitakuwa Kituo cha Polisi Chumbageni nikiwa na flashi, bahasha, risiti za kutuma pesa na zile sauti mbili za jogoo, na yeyote mwenye bahasha ya kaki ya mtu huyu aje nayo, hata kama bado hajaifungua.