Nimekisoma mara mbili: Fangirl cha Rainbow Rowell

Nilikinunua Posta, kwa wale wauza vitabu vya mitumba wanaotandaza kandokando ya barabara, shilingi 8,000 baada ya kubishana sana. Nilidhani ni hadithi ya mapenzi ya kusomea kwenye daladala. Hata sijafika mbali nikakifunga kwanza, maana msichana wa kitabuni alikuwa amejifungia chumbani anakula siagi ya karanga na baa za protini, wiki baada ya wiki, kwa sababu anaogopa kwenda bwaloni. Si kwamba hana hela. Hajui foleni inaanzia wapi, trei zinachukuliwa wapi, na ukishapakuliwa unakaa na nani.

Mimi yangu ilikuwa boflo na soda. Kafeteria ilikuwa hatua chache kutoka bwenini, lakini sikujua kama unalipa kwanza ndipo unapanga foleni, au unapanga foleni ndipo unalipa, na niliona heri njaa kuliko kuuliza mbele za watu. Jambo hili sijawahi kumwambia mtu. Sasa mwandishi wa Omaha, Nebraska, huko Marekani, ambaye hajawahi kuniona, kaliweka kitabuni tangu mwaka 2013.

Msichana mwenyewe anaitwa Cath Avery. Ana pacha wake, Wren, na majina yao yana kisa: mama alikuwa amejiandaa kwa mtoto mmoja tu, Catherine, walipotoka wawili akalipasua jina katikati, Cather na Wren. Mama wa namna hiyo hahitaji maelezo zaidi, na kweli aliwaacha wakiwa na miaka minane, siku ileile ya Septemba 11, 2001, siku ambayo Marekani nzima ilikuwa inalia mambo mengine. Wamelelewa na baba anayefanya kazi ya matangazo, mcheshi, mwenye upendo, ila akili yake ina misimu. Msimu wa akili kupanda, halali usiku, anajaza makaratasi mawazo mpaka asubuhi. Ukipita huo, hospitali. Kwa hiyo Cath anapoenda Chuo Kikuu cha Nebraska mjini Lincoln, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka nyumbani, nusu ya moyo wake imebaki inamchunga baba. Halafu Wren anamwambia kwamba hataki wakae chumba kimoja. Anataka kukutana na watu wapya.

Kwa mtu asiye na pacha hilo laweza kuonekana dogo.

Kimbilio la Cath ni ushabiki. Kuna mfululizo wa vitabu kuhusu kijana mchawi aitwaye Simon Snow (wa kubuni, usiende kuutafuta, ila aliyesoma Harry Potter ataelewa anachekewa nani), na Cath anaandika toleo lake mwenyewe mtandaoni, ambamo Simon na adui yake Baz, wanaolala chumba kimoja shuleni, wanapendana. Maelfu ya watu wanamsubiri kila sura. Darasani hakuna anayemjua. Usiku, kwenye kompyuta, ni malkia. Tena ana deni la muda: kitabu cha nane na cha mwisho cha Simon Snow kinakaribia kutoka, naye anataka amalize yake kabla mwenye hadithi hajamaliza ya kwake. Hapa kwetu, yeyote aliyewahi kusubiri sehemu ya 14 ya riwaya kwenye kundi la WhatsApp, na mtunzi kakata palepale mlango unapogongwa, anajua kiu hiyo.

Sehemu iliyonifanya nikirudie kitabu ni ya Profesa Piper. Anafundisha uandishi wa hadithi, na Cath, ingawa ni mwaka wa kwanza, ameruhusiwa kuingia darasa la wakubwa. Kwenye zoezi moja anamkabidhi hadithi ya Simon na Baz. Anapata F. Kwa Piper huo ni wizi: wahusika wa mwingine, dunia ya mwingine. Kwa lugha ya chuoni kwetu, kadesa.

Mara ya kwanza nilimuunga mkono profesa. Mara ya pili nilikasirika. Nilikumbuka tahmisi tulizosomeshwa kidato cha tano: mshairi anachukua beti za mwenzake aliyemtangulia, anaziongezea mishororo mitatu ya kwake, ubeti unatimia mitano. Tahmisi ya Liyongo, ambayo hunasibishwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, ndivyo ilivyotungwa. Maneno ya Liyongo yamo ndani, ya Sayyid yamo juu yake, na sijasikia mwalimu akimwita Sayyid mwizi. Tena kazi yenyewe ni ngumu, kwa sababu mishororo yako lazima iingie kwenye vina vya mtu ambaye huwezi kumuuliza. Hicho ndicho Cath anachojaribu kumwambia Piper kwa maneno mengine, na maneno hayamtoki vizuri kwa sababu ana miaka 18 na anatetemeka.

Rowell hasemi nani ana haki. Anafanya jambo la ujanja zaidi: anamleta Nick. Nick yuko darasa lilelile, mtanashati, mwenye maneno. Usiku anakaa na Cath maktaba, wanaandika hadithi kwa zamu kwenye daftari moja, mstari wake, mstari wako. Mwishoni Nick anaigeuza ile hadithi kuwa yake peke yake. Sasa niambie mwizi ni yupi, aliyeazima mchawi wa vitabuni huku akisema wazi kwamba ameazima, au huyu? Kitabu hakiulizi kwa sauti. Kinaviacha visa viwili vikae jirani.

Na mwandishi mwenyewe hakumaliza mchezo hapo. Mwaka 2015 alitoa Carry On, riwaya nzima ya Simon na Baz, yaani alichukua wahusika wa kitabu ambacho hakipo, walioandikiwa hadithi na shabiki ambaye hayupo, akawafanya wapo. Tahmisi ya tahmisi.

Mapenzi yamo, ndiyo. Kijana anaitwa Levi, mtoto wa wafugaji kutoka kijiji kidogo cha Arnold hukohuko Nebraska, anauza kahawa Starbucks na anamchekea kila mtu mpaka mbwa. Yuko mlangoni kwa Cath kutwa. Ungedhani ni mkazi wa chumba kile, kumbe alikuwa rafiki wa Reagan, yule mwenzake Cath wa chumbani mwenye ulimi wa pilipili (mhusika ninayempenda kuliko wote, na kurasa zake hazitoshi). Levi kusoma kunampa shida. Maandishi hayamwingii, ila akisikia, hasahau. Usiku mmoja Cath anamsomea kitabu kizima kwa sauti kwa ajili ya mtihani, mpaka alfajiri. Sijui tukio jingine la mapenzi lililonishika hivyo pasipo mtu kuvua hata soksi. Baada ya hapo Levi anakosea, kosa la kweli, na nilitaka kosa hilo lidumu kidogo. Anasamehewa haraka mno, kisha kuanzia katikati hadi mwisho anakuwa mwema kupita binadamu.

Kero nyingine ni vipande vya Simon Snow vilivyowekwa kati ya sura na sura, vingine kutoka vitabu "halisi", vingine vya Cath. Mara ya kwanza nilivisoma kwa utiifu. Mara ya pili niliviruka, na sikupotea. Kitabu kina zaidi ya kurasa 400, kingepungua 60 hakuna ambaye angelia. Na Wren, ambaye anakunywa pombe mpaka analazwa, anastahili zaidi ya alichopewa. Tunamwona kwa macho ya dada aliyekasirika tu, wakati naye aliachwa na mama yuleyule.

Kiingereza chake ni chepesi, mazungumzo mengi, kidato cha nne anaweza kukifuata. Wanaotafuta mkasa wa kukata pumzi watasinzia; hapa mambo makubwa hutokea kwa simu isiyopokelewa. Mzazi anayetaka kujua atakutana na nini: pombe ipo, wavulana wawili wanabusiana ndani ya zile hadithi za Cath, na ugonjwa wa baba haujapakwa sukari. Mimi nakipa nyota nne.

Nakala yangu sasa iko kwa mdogo wangu, anayeripoti chuoni mwezi ujao. Amenirushia ujumbe jana kwamba Cath anamkera, kwa nini asiende tu kula kama watu. Sikubishana naye. Nimemjibu kwamba kule anakokwenda, kwenye kafeteria, unalipa kwanza dirishani, unapewa kikaratasi, ndipo unapanga foleni.