Uzoefu wangu na geji ya presha ya mafuta: gari lililokuwa likiamka vibaya

Ukilizima na kuliwasha tena baada ya dakika 10, halina neno. Liache lilale usiku mzima: asubuhi unapiga stata ndefu, linashika kwa shida, linatetemeka kama lina homa kwa sekunde 15 hivi, linatoa moshi mweusi na harufu ya petroli, kisha linatulia kana kwamba halikufanya kitu. Nimeishi na hali hiyo miezi minne. Geji hii ndiyo iliyoimaliza, ingawa nayo ina kasoro zake na nitazisema.

Ni gari la petroli, silinda 4, nozeli za kawaida, zile zinazopuliza petroli kabla haijaingia kwenye silinda. Kabla ya geji nilikuwa nimeshabadilisha plagi zote. Fundi wa pili akasema koili, ile inayoipa plagi umeme wa cheche. Mashine ya kupimia ilikuwa ikitoa kosa namba P0303 mara mojamoja, yaani silinda ya 3 inamisi (inakosa kuwaka), kwa hiyo koili ilikuwa na mantiki. Lakini nilipohamisha koili ya silinda ya 3 kwenda ya 1, kosa lilibaki palepale kwenye ya 3. Betri ilikuwa na volti 12.5 na haikushuka chini ya 10 wakati wa kupiga stata. Sensa ya joto la maji nayo niliipima asubuhi kabla ya kuwasha: ilisoma nyuzi 24, na ile ya hewa inayoingia ilisoma 25. Gari lililolala usiku kucha linatakiwa liwe hivyo, zikaribiane. Fundi wa tatu akasema pampu ya mafuta. Hapo ndipo nikaona bora nipime kwanza ndipo ninunue.

Geji inakuja kwenye boksi la plastiki ikiwa na mpira, vali ndogo ya kufunga kwa mkono, na rundo la viunganishi ambavyo robo tatu yake sitavitumia maishani. Maelezo yake ni karatasi moja yenye picha zilizofifia. Unaifunga katikati ya bomba linalotoka kwenye tangi na reli ya nozeli, yaani bomba linalozigawia nozeli mafuta. Kabla ya kufungua bomba, toa fyuzi ya pampu, washa injini iungurume mpaka ijizime yenyewe, la sivyo petroli itakurukia usoni. Fanya hivyo injini ikiwa imepoa, na kizima moto kiwe karibu.

Mara ya kwanza nilidanganyika. Mshale ulishuka haraka mno, nikashangilia kwamba nimepata ugonjwa. Kumbe kiunganishi cha geji yenyewe kilikuwa kinatoa jasho la petroli. Nilipokipangusa kwa tishu ikalowa. Oringi (pete ya mpira ya kuzibia) iliyokuja nayo ilikuwa ngumu kama mfupa. Nikaweka nyingine, nikarudia. Ukinunua kifaa cha aina hii, pangusa kila kiungo kwanza, maana geji inayovuja haiwezi kukuambia nani mwingine anavuja.

Mara ya pili: swichi ikiwashwa, 48 psi (kipimo cha presha). Injini ikiunguruma, 47. Nikazima, nikavuta kiti. Baada ya dakika 5, mshale ulikuwa kwenye 38. Kitabu cha gari langu kinataka usiwe chini ya 21 baada ya dakika 5, kwa hiyo kwa kipimo hicho nimefaulu. Fundi mwenye haraka angefunga boneti hapo. Mimi sikuwa na haraka. Nusu saa: 22. Saa mbili: sifuri.

Sasa mafuta yanakwenda wapi? Hapa ile vali ndogo ndiyo iliyolipa gharama ya boksi zima. Ipo upande wa tangi, geji ipo upande wa nozeli. Ukizima gari na kuifunga, pampu inakuwa imetengwa. Mshale ukisimama, tatizo liko nyuma, kwenye vali ya pampu inayozuia mafuta yasirudi tangini. Wangu uliendelea kushuka kama kawaida. Pampu niliyokaribia kununua haikuwa na kosa.

Nikafungua plagi. Tatu kavu, rangi ya kahawia. Ya 3 nyeusi, imelowa, inanuka petroli. Nikatoa koili zote, nikainua reli na nozeli zake zikiwa zimefungwa waya zisichomoke, nikatandika kadibodi chini, nikawasha swichi tu. Nozeli ya 3 ikaota tone nchani. Likaning'inia, likanenepa, likadondoka, jingine likafuata. Zile nyingine tatu kavu kabisa.

Dalili nilikuwa nazo tangu mwanzo, sikuzisoma. Kuwasha na kuzima swichi mara tatu kabla ya stata kulifanya gari lishike upesi, lakini kutetemeka kulibaki: presha ilirudi, ila silinda ilikuwa imeshafurika. Na siku moja nilipokanyaga mafuta mpaka chini wakati wa kupiga stata, liliwaka vizuri zaidi. Kwenye magari mengi ya nozeli, kufanya hivyo kunakata mafuta wakati wa stata ili silinda ijikaushe.

Nozeli zote 4 nilizipeleka zikasafishwa na kupimwa kwenye mashine. Tatu zilirudi safi, ya 3 ikaendelea kudondosha, nikanunua mpya. Oringi nikabadilisha zote, nikizipaka oili kidogo zisichanike wakati wa kuingia. Oili ya injini nayo nikaimwaga, maana kijiti chake kilikuwa kinanuka petroli. Petroli iliyokuwa ikivuja usiku ilishuka mpaka chini.

Nimeifunga geji tena na kupima: baada ya saa mbili, 41. Juzi gari lilikaa siku nne bila kuguswa, likashika kwa mzunguko wa kwanza.

Nyota 4 kati ya 5. Moja nimeikata kwa ajili ya ile oringi, na kwa mpira ambao ni mfupi mno kuiona geji ukiwa umekaa kwenye usukani. Kama gari lako ni dizeli, au lina nozeli zinazopuliza moja kwa moja ndani ya silinda, usiifunge kwenye bomba la presha kubwa: huko presha inapita psi elfu, na geji hii inaishia 140.