Toleo la kwanza la Superman na mkono wa Joe Shuster

La duka kwanza, nilimalize. Niliagiza nakala ya kisasa inayoiga ukurasa kwa ukurasa Action Comics namba 1, kitabu cha vibonzo cha Juni 1938 kilichomleta Superman duniani, nacho kimenifikia kimekunjwa katikati kama chapati ya kufungia mayai. Duka silitaji. Mimi mwenyewe nasambaza vifurushi kwa baiskeli hapa Toronto, na kipande cha boksi cha kuwekea mgongoni hakigharimu kitu.

Haya, ndani. Superman kapewa kurasa 13 tu. Zilizobaki ni za mchawi Zatara na wenzake, nimezipitia kama mtu anayesubiri zamu kwa kinyozi. Lakini hizo 13! Kule Tanga nilikuwa nachora simba na kuandika majina nyuma ya malori, kwa hiyo mimi sianzi na maneno, naangalia mkono. Mkono wa Joe Shuster, mchoraji wake, una haraka. Macho ni vikato viwili, na nyuma ya watu mara nyingi hamna kitu, rangi tupu. Sababu ipo: hadithi ilichorwa iende gazetini kidogo kidogo kila siku. Ilipotakiwa kitabuni, vipande vikakatwa na kubandikwa upya viwe kurasa. Ukishajua hilo, mishono unaiona. Ila miili inakwenda, jamani. Superman huyu hapai, anaruka kama panzi, na ukurasa wa kwanza umemchora panzi na sisimizi kabisa ili tuelewe. Anabomoa mlango wa chuma kwa gavana ili mwanamke asiuawe kwa umeme kwa kosa lisilo lake. Anamtia adabu bwana anayempiga mkewe, kisu kinavunjika kwenye ngozi yake. Hakuna majitu ya sayari za mbali, ni shida za mtaani tu. Nampenda huyu kuliko wa siku hizi.

Na Joe ni mtoto wa hapahapa. Alizaliwa Toronto mwaka 1914, baba yake fundi cherehani, akauza magazeti ya Toronto Daily Star barabarani kabla familia haijahamia Cleveland, Marekani. Ndiyo maana gazeti la Clark Kent, yaani Superman akijifanya mwandishi wa kawaida, mwanzoni liliitwa Daily Star. Alichorea karatasi za kufungia vitu na migongo ya karatasi za ukutani, na meza yake ilikuwa kibao cha mama yake cha kukandia mkate. Mama akikitaka kwa mkate wa Sabato ya Kiyahudi, basi kazi inasimama. Hapo nilicheka peke yangu. Mimi nilikuwa navizia kibao cha chapati cha marehemu mama, na siku nilipokitia doa la rangi nyekundu nilikula mwiko wa mgongo.

Yeye na Jerry Siegel, aliyekuwa mtunzi, waliuza haki zote za Superman kwa dola 130. Si kila mmoja, wote wawili. Hundi iliyobeba malipo hayo imekuja kupigwa mnada mwaka 2012 kwa dola 160,000! Walipokwenda mahakamani mwaka 1947 kudai haki hizo, kazi ikaisha, majina yao yakaondolewa kwenye hadithi. Macho ya Joe, mabovu tangu ujana, yakazidi kufifia, na aliyemchora Superman akaishia kupeleka vifurushi kama mimi. Mpaka mwaka 1975 ndipo Warner, kampuni iliyokuwa ikimmiliki Superman, walikubali kuwapa dola 20,000 kila mmoja kwa mwaka, na majina kurudi. Alifia Los Angeles mwaka 1992.

Kitabu nakipa nyota tano, duka moja. Mkunjo umepita katikati ya lile gari la kijani la jaladani. Ukurasa wa kwanza umesalimika, na pale juu wameandikwa Jerome (ndiye Jerry) Siegel na Joe Shuster, kwa herufi ndogo, lakini wapo.