Topmarks: michezo ya hesabu inayomfaa mtoto aliyekwisha kufundishwa

Mzazi anayetafuta mtandaoni michezo ya hesabu kwa mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu hukutana na mambo mawili upesi: programu zinazotaka kadi ya benki kabla mtoto hajagusa swali la kwanza, na tovuti zenye katuni nyingi kuliko namba. Topmarks, tovuti ya Uingereza inayotumiwa sana na walimu wa shule za msingi, haina kasoro hizo mbili. Inafunguka ndani ya kivinjari, haimdai mtoto ajisajili, na michezo yake mingi huchezwa bila malipo. Nimeitumia nyumbani na mpwa wangu wa darasa la pili, na maoni yangu ni kwamba ni mahali pazuri pa kufanyia mazoezi ya jambo ambalo mtoto ameshalielewa, lakini si mahali pa kumwanzishia jambo jipya.

Mchezo wake unaojulikana zaidi ni Hit the Button. Mzazi huchagua zoezi, iwe jozi za namba zinazokamilisha 10 au 20, maradufu, nusu, jedwali la kuzidisha, kugawanya au vipeo vya pili, kisha mtoto hupewa dakika moja tu. Swali hutokea, majibu kadhaa yakiwa yamepangwa kwenye vitufe vya mviringo, na kazi ya mtoto ni kugusa jibu sahihi mara nyingi kadiri awezavyo kabla muda haujakwisha. Hakuna joka la kuua wala sarafu za kukusanya, na hilo kwangu ni sifa, kwa sababu mtoto hapotezi nusu ya dakika akitazama sherehe ya jibu moja. Kwenye kuzidisha upo pia mtindo wa kinyume ninaoupenda zaidi: mtoto hupewa jibu, tuseme 24, akatafuta swali lililolizaa, na hapo ndipo anapoanza kuona kwamba 6 mara 4 na 3 mara 8 zinakutana mahali pamoja.

Tatizo ni saa. Mtoto anayejua kwamba 7 na 3 ni 10 hufurahia kukimbizwa, lakini yule ambaye bado anahesabia vidole hukimbizwa hadi akaacha kuhesabu. Nimemwona mpwa wangu akianza vizuri, mkono wa kushoto chini ya meza vidole vikihesabu, na mara alipoona sekunde zinayoyoma akaanza kugonga vitufe ovyo, kwa kuwa majibu yapo pale pale na kubahatisha kunalipa. Mchezo nao haumwelezi kwa nini 7 na 4 hazikamilishi 10. Unamwambia tu kwamba amekosea au unampita. Kwa hiyo alama anazopata mtoto wa namna hiyo hazimwambii mzazi lolote la maana, na ningeshauri Hit the Button isubiri hadi mtoto aweze kutaja jozi hizo kwa mdomo bila haraka. Anayejifunza jedwali la pili asipewe lile la saba kwa sababu tu kitufe chake kipo.

Kwa hatua hiyo ya kabla, tovuti hiyo hiyo inayo Daily 10, ambayo kwa macho ni ya kuchosha na kwa kazi ni bora. Ni maswali 10 yanayotokea moja baada ya jingine, kwa viwango vinavyopanda, na mtu mzima anaweza kuweka muda wa kila swali au kuliacha likae hadi atakapoamua kusonga mbele. Mtoto huandika majibu kwenye daftari, kisha yote husahihishwa mwishoni. Mwalimu mwenye projekta anaweza kuendesha darasa zima kwa kifaa kimoja, jambo ambalo kwenye shule zetu zenye watoto wengi lina uzito kuliko mchezo wowote unaomtaka kila mtoto ashike kishikwambi chake.

Wadogo kabisa wamewekewa michezo ya kuhesabu vitu hadi 10, na ya kupanga namba kuanzia ndogo hadi kubwa. Mmoja wa kupanga unatumia nazi zenye namba ambazo mtoto huzilenga kwa mpira, kama wanavyofanya Waingereza kwenye viwanja vyao vya burudani. (Mtoto wa Pwani atauliza kwa nini nazi zinapigwa mipira badala ya kukunwa, na ni swali la haki.) Mchezo huo hauna ubaya, ila hauna la kusimulia sana.

Pesa ndiyo inayotuacha nje. Michezo ya dukani hutumia sarafu za Uingereza, yaani senti 1, 2, 5, 10, 20 na 50, na mtoto hulipia mwanasesere kwa senti hizo. Mtoto wa Tanzania hutumwa dukani na shilingi 1,000, ananunua kitu cha 700, na anajua chenji yake ni 300 huku darasani bado anahesabu makumi. Senti za Uingereza zinamrudisha nyuma, na tena hajawahi kuzishika. Nafuu ni kuchukua sarafu halisi za 50, 100, 200 na 500 na kucheza duka sebuleni. Saa ya kufundishia, kwa upande mwingine, naisifu bila kusita: ukiuvuta mshale wa dakika, ule wa saa unasogea nao polepole, na mtoto anaona mwenyewe kwa nini saa na nusu mshale mfupi huwa katikati ya namba mbili. Mzazi akumbuke tu kumweleza kwamba mshale ukiwa kwenye 7 nyumbani tunasema saa moja, la sivyo ataona mashine na bibi yake wanapingana.

Maandishi na sauti ni za Kiingereza. Kwa anayesoma shule ya mchepuo wa Kiingereza hilo si kikwazo, na hata wa shule ya serikali atajiendesha mwenyewe kwenye mazoezi yaliyo namba tupu, lakini kwenye maswali ya maneno lazima mtu akae naye. Inasikitisha, kwa sababu imeshaonekana kwamba programu ya Kiswahili inaweza kufanya kazi: mashindano ya Global Learning XPRIZE yalizijaribu programu za timu tano kwenye vijiji vya mkoa wa Tanga, na mwaka 2019 onebillion na Kitkit School ziligawana tuzo kuu ya dola milioni 10 kwa kuwafundisha watoto kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili kwenye vishikwambi. Ubongo Kids ya Dar es Salaam nayo imekuwa ikifundisha hesabu kwa nyimbo na katuni tangu mwaka 2014, ingawa hiyo ni ya kutazama zaidi kuliko ya kucheza.

Kuna mambo ya kuangalia kabla ya kumwachia mtoto simu. Tovuti ina matangazo, na kidole kidogo hakitofautishi tangazo na kitufe cha kuanzia. Vilevile baadhi ya michezo iliyoorodheshwa humo ni ya tovuti nyingine, hivyo mtoto anaweza kujikuta amehamia kwingine bila mwenyewe kujua. Kwenye simu yenye kioo kidogo vitufe hubanana, na jibu sahihi huhesabiwa kosa kwa sababu ya kidole tu. Kompyuta au kishikwambi kinafaa zaidi.

Kwa mtoto ambaye bado hajafika miaka 6, ningeanza na programu ya Khan Academy Kids badala ya Topmarks. Nayo ni ya Kiingereza, lakini ni ya bure, haina matangazo, na imetengenezwa kwa ajili ya watoto wa miaka 2 hadi 8. Mzazi hufungua akaunti kwa barua pepe yake, na baadhi ya masomo yanaweza kupakuliwa mapema penye Wi-Fi yakachezwa baadaye bila bando.