New England Air Museum, Windsor Locks: nendeni mkaone ndege zilizopigwa na tonado zikarudishwa

Nawapa nyota tano na sina hata wasiwasi. Wengi wetu tunaoishi Springfield, Hartford, Worcester mpaka kule Lowell tunautumia sana uwanja wa ndege wa Bradley, tunaenda kupokea wageni, kusindikiza mtu anayerudi nyumbani, tunapita tu, wala hatujui kwamba upande wa pili wa uwanja huohuo kuna New England Air Museum, makumbusho ya ndege makubwa kuliko yote huku New England, kaskazini mashariki ya Marekani. Na wanaoyajua wengi wanadhani ni sehemu ya kupeleka watoto wapige picha basi. Mimi nasema nendeni kwa sababu nyingine kabisa, nendeni mkaone upepo unaweza kufanya nini kwenye uwanja wa ndege, halafu mkaone watu walivyokataa kukubali yaishe hivyo.

Iko hivi. Makumbusho haya yalifunguliwa 1968 yakiitwa Bradley Air Museum, na ndege zao nyingi zilikuwa kubwa mno kuingia ndani kwa hiyo zikawa zimepaki nje, mvua yao jua lao. Tarehe 3 Oktoba 1979, siku ya Jumatano, kama saa tisa alasiri hivi, tonado, ule upepo mkali unaozunguka kama faneli, ikashuka Windsor, ikapanda Windsor Locks, ikaenda mpaka Suffield. Oktoba jamani, mwezi ambao huku watu wanawaza majani kubadilika rangi, na hakuna tahadhari ya tonado iliyokuwa imetolewa. Waliopima madhara baadaye waliipa F4 kwenye skeli ya Fujita ya kupimia nguvu za tonado, yaani upepo wa zaidi ya kilomita 330 kwa saa. Watu 3 walifariki na karibu 500 walijeruhiwa. Shule ya msingi ya Poquonock pale Windsor ilipigwa pia, bahati watoto siku hiyo walikuwa wameruhusiwa mapema, mimi nikifika hapo kwenye hii stori huwa nanyamaza kidogo. Na kuna Boeing 727 ya United ilikuwa inakuja kutua dakika zilezile, imejaa abiria, rubani akaiona hiyo kitu mbele yake akaongeza moto akapaa tena. Dakika moja au mbili tu tungekuwa tunaongelea mambo mengine.

Tonado ikapita upande wa kaskazini wa uwanja, na makumbusho yalikuwa hukohuko. Hanga likabomoka. Ndege zaidi ya 20 ziliharibika, nyingine hazikutengenezeka tena. Ndani ya hizo kulikuwa na Douglas C-133 Cargomaster, nataka muelewe hii ni ndege gani maana mtu akisikia ndege ya makumbusho anawaza kitu kidogo cha mbao na turubai. C-133 ni ndege ya mizigo ya jeshi la anga la Marekani, mabawa yake kutoka ncha mpaka ncha karibu mita 55, ikiwa tupu bila mafuta wala shehena ina uzito wa zaidi ya tani 50, ilitumika hata kubebea makombora ya masafa marefu. Upepo uliinyanyua ukaivunjavunja. Tani hamsini!

Mpwa wangu ana miaka kumi na moja, akaniuliza, "Mjomba, sasa kama ilikuwa nzito hivyo upepo uliibebaje?" Ni swali zuri kuliko watu wazima wengi wanavyouliza, na pale ndani ukiwa umezungukwa na mabawa kila upande jibu unaliona kwa macho. Ndege imetengenezwa ili ibebwe na hewa, hiyo ndo kazi yake. Bawa halijui kama hewa inapita kwa sababu ndege inakimbia kwenye rawei, njia ya kurukia, au kwa sababu ndege imesimama na upepo ndo unakimbia, kwake yote sawa. Hizi Cessna 172 ambazo tumeziona uwanja wa Wilson Nairobi au Zanzibar zinaacha ardhi kwenye mwendo wa kama kilomita 100 kwa saa, kwa hiyo upepo wa kasi hiyo ukiikuta imepaki imeuangalia upepo, inaanza kutaka kuruka yenyewe bila rubani. Ndo maana ukipita viwanja vidogo unakuta zimefungwa kamba au cheni sehemu tatu, bawa la kushoto, bawa la kulia na mkia, na usukani umefungwa pia ili vile vibawa vidogo vya nyuma visipigwepigwe. Sasa kitu ambacho watu wanasahau, nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na kasi, kasi ikiwa mara mbili nguvu inakuwa mara nne, kasi mara tatu nguvu mara tisa. Ukifika kilomita 330 kamba ni mapambo tu.

Na hanga ndo linaumia hata kabla ya ndege. Hanga ni jengo la ajabu ukilifikiria, ni ukumbi mkubwa usio na nguzo katikati, na upande mmoja wote ni mlango, maana bila hivyo bawa haliingii. Upepo ukija unaanza na huo mlango, ukishaukunja hewa inajaa ndani inasukuma paa kwenda juu, na wakati huohuo upepo unaopita juu ya paa unalivuta nalo kwenda juu, paa linang'oka kama mwavuli uliogeuzwa na dhoruba halafu kuta hazina tena kitu cha kuzishikilia. Kinachofuata ni vyuma na mabati kuangukia ndege ambazo mwenyewe alizificha humo akidhani ziko salama. Ndo kilichotokea Nashville, uwanja wa John C. Tune, tarehe 3 Machi 2020 usiku wa manane, hanga 17 zilibomolewa na ndege zaidi ya 90 zikaharibiwa. Picha za siku ile zinaonyesha ndege binafsi za bei mbaya zimelaliana kwenye lundo la mabati. Na kambi ya Tyndall kule Florida, Oktoba 2018, kimbunga Michael kiliwakuta na F-22 ambazo zilikuwa matengenezoni haziwezi kuruka, wakazifungia ndani, mapaa ya hanga yakafumuliwa juu yake, F-22, ndege ya vita ya gharama kuliko karibu zote duniani. Kama ndege yako inaweza kuruka, dawa ya kimbunga ni kuiondoa mapema. Tonado kama ile ya 1979 haikupi hata hiyo nafasi.

Tena msione ni mambo ya Marekani tu. Desemba 2024 kimbunga Chido kilipiga Mayotte, hapo tu baada ya Ngazija na Anjouan, upepo ulipita kilomita 220 kwa saa, mnara wa kuongozea ndege pale Pamandzi ukaumia vibaya, uwanja ukafungwa kwa ndege za abiria na kwa siku kadhaa misaada ilikuwa inaingia kwa ndege za jeshi. Beira, Msumbiji, 2019 na kimbunga Idai vilevile, uwanja ulifungwa, ukifunguliwa ukawa ndo kitovu cha misaada yote. Uwanja wa ndege ukianguka mji mzima unabaki peke yake, ndo maana hii mada naibeba moyoni, si habari ya mabati na vyuma tu.

Haya turudi makumbusho. Wale watu wangeweza kufunga. Hanga hakuna, ndege vipande vipande. Wengi wao walikuwa ni wazee na vijana wa kujitolea, mafundi wastaafu wa viwanda vya hapa, maana Connecticut ni nyumbani kwa Pratt & Whitney wa injini za ndege na Sikorsky wa helikopta, kila familia ina mtu aliyewahi kushika injini. Wakaanza kuokota. Miaka miwili tu baadaye, 1981, wakafungua upya sehemu nyingine ya uwanja, hapo walipo mpaka leo, jina jipya la New England Air Museum likaja baadaye. Na safari hii wakajenga wakiwa na nia ya kuziweka zile za thamani chini ya paa.

Kitu cha kwanza cha kwenda kuangalia ukifika, msipoteze muda, ni ile B-29 Superfortress, ndege ya mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia. Inaitwa "Jack's Hack". Hii ilipigwa vibaya kwenye tonado, na leo imesimama nzima ndani ya hanga lake yenyewe lililofunguliwa 2003 kuwakumbuka watu wa 58th Bomb Wing, kikosi kilichokuwa kinarusha hizi B-29. Mabawa yake mita 43, injini nne, pua ya vioo mtupu. Mimi nilikaa pembeni ya ubavu wake muda mrefu, ukisogea karibu unaona mistari ya ribiti, vile vipini vya chuma vinavyounganisha mabati, mamia kwa mamia, imenyooka kuanzia kwenye pua mpaka mkiani, na kila ribiti iliyobadilishwa maana yake kuna mtu aliishika kwa mkono, mmoja ameshika mashine nje mwenzake yuko ndani ameshika chuma cha kupokea pigo, wawili wawili hivyo kwa miaka. Aina hii ya ndege ndo iliyobeba mabomu ya Hiroshima na Nagasaki, na mpwa wangu nilimwambia hilo pia sikumficha, ajue anaangalia nini. Lakini kazi ya kuirudisha naiheshimu kwa moyo wote.

Halafu nendeni kwenye hanga la ndege za kiraia mkaione Sikorsky VS-44A, boti inayoruka, inaitwa "Excambian". Zilijengwa 3 tu, hii ndo imebaki peke yake duniani. Hii haikuwemo kwenye tonado, ililetwa baadaye, wastaafu wa Sikorsky wakaitengeneza kwa miaka kama kumi. Kwa sisi ina utamu wake kwa sababu wazee wetu waliziona ndege za namna hii, miaka ya mwisho ya 1930 Imperial Airways walikuwa wanatua majini Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Kuna mzee alinisimulia zamani jinsi watu wa Lindi walivyokuwa wanakimbilia ufukweni ikisikika. Nilipoiona ile saizi yake ndani ya hanga ndo nikaelewa kwa nini walikuwa wanakimbia.

Vingine nitavipitia haraka maana mtaviona wenyewe: helikopta za Sikorsky na Kaman za kutosha, ndege ya kivita P-47 Thunderbolt, kikapu cha puto la mrusha maputo Silas Brooks cha karne ya 19, simyuleta za watoto, na sehemu ya Tuskegee Airmen, wale marubani weusi wa Marekani wa Vita vya Pili vya Dunia, hapo msipite haraka.

Huduma ndo iliyonifanya nitoe nyota ya tano. Wale wazee wa kujitolea wanaozunguka ndani ukiwauliza swali moja tu la maana wanakupa nusu saa, hawachoki, hawakukatii. Nilikutana na mmoja pembeni ya B-29, nikamuuliza kuhusu 1979, akaacha alichokuwa anafanya akaanza kunichorea kwa mkono hewani tonado ilitokea wapi, ilipita wapi, ndege gani ilikuwa imepaki wapi, anazitaja moja moja kama mtu anataja ndugu zake. Ningeshauri kila anayeenda amuulize mtu wa pale swali hilo, usisome vibao tu.

Mambo ya kujua kabla hamjaenda. Anwani ni 36 Perimeter Road, Windsor Locks, si kwenye jengo la abiria la Bradley, hii muwe makini sana maana dereva wa teksi ya app alitushusha mlango wa wanaosafiri akaondoka zake, tukaanza kuhangaika upya na mtoto. Ukiwa na gari lako weka hiyo anwani yenyewe usiandike tu jina la uwanja. Siku na saa za kufungua zinabadilika kulingana na msimu, angalieni kwenye tovuti yao kabla ya kutoka nyumbani, na bei za tikiti pia. Vaeni viatu vya kutembea, hanga ni tatu kubwa na nje kuna ndege nyingine, na wakati wa baridi huko nje upepo wa uwanja hauna kizuizi, msimbebee mtoto kijisweta tu. Tengeni saa tatu au nne, chini ya hapo mtatoka na hasira.

Mkiweza subirini siku zao za "Open Cockpit", siku hizo wanafungua baadhi ya ndege mtu anaruhusiwa kupanda mpaka kiti cha rubani. Angalieni ratiba, mkishaona tarehe andikeni hapa chini twende kundi moja kutoka Springfield, magari mawili yanatosha kuanzia.