Kirikuu zangu mbili, na ndugu zao wa Indonesia na Pakistan

Mie nashusha kabichi na karoti kutoka Mgeta kwenda Morogoro mjini, kazi hiyo nimeifanya na Suzuki Carry mbili, vile vipikapu vidogo vya Kijapani tunavyoita kirikuu, ya kwanza DD51T ile ya miaka ya tisini yenye kabureta, baadae nikahamia DA63T. Watu wananiuliza sana ipi bora kwahiyo naandika mara moja.

DD51T ina injini F6A, silinda 3, cc 657, ya taiming belt (mkanda wa ndani ya injini). DA63T ina K6A, cc 658, ya cheni. Kwa karatasi ni kitu kimoja, ila ukianza kupanda na mzigo utajua mwenyewe, F6A unaingiza gia ya pili tangu chini na unaenda nayo inalia hivyohivyo mpaka juu, K6A angalau inavuta na inakuachia nafasi ya kupumua. Asubuhi za baridi kule juu kabureta bila choki haiwaki, DA63T ni fyueli injeksheni, wewe piga swichi tu. Ila ya zamani ilikuwa na raha yake aisee, tairi za mbele zipo chini ya siti yako kabisa kwahiyo inakata kona padogo balaa, kwenye DA63T zimesogezwa mbele karibu na bampa, barabara kubwa imetulia lakini uchochoro wa sokoni mpaka urudi rivasi kwanza ndo ugeuze.

Zote mbili injini ipo chini ya siti, unainua kiti ndo unaiona, na mchana wa jua la Morogoro joto lake unakaa nalo. Rejeta sasa, ile ya kupooza maji ya injini, ipo mbele kwenye pua, maji yanapita kwenye mipira mirefu chini ya gari, na hapo ndipo kirikuu nyingi zinapofia. Mpira unaanza kuvuja kidogokidogo, dereva haoni kitu, ikija kuchemsha silinda hedi, kile kichwa cha injini, ishapinda. Ukinunua ya mtumba anza na hiyo mipira kabla hata hujaweka redio.

Halafu kuna ile stika kwenye mlango wa nyuma wa bodi, maandishi ya Kijapani na namba 350kg. Ndo mzigo wake huo! Sisi tunapakia mpaka tairi za 145R12 zinafutuka, af tunasema gari nyanya. Hii gari Wajapani waliibana kwa sheria yao ya gari ndogo, tangu 1990 injini isizidi cc 660, na tangu 1998 urefu usizidi mita 3.4 na upana mita 1.48, wakulima wao wanabebea mpunga kidogo na majembe basi.

Kwingine Carry hiihii walipewa nguvu. Indonesia waliitoa Futura 1991 ikiwa na injini ya lita 1.3, baadae 1.5, bodi kubwa, ile ndo ya kupakia kwa fujo. Pakistan kuna Ravi ya cc 796, India Maruti Omni kuanzia 1984 mpaka 2019 nayo cc 796, hata Waingereza walipoiunda kule Luton kwa jina la Bedford Rascal waliweka cc 970. Sasa sisi wenye milima na magunia ndo tunaletewa ndogo kuliko zote, kisa Japani kuna mtumba mwingi, basi.

Hata za Japani zenyewe hazifanani. Kuna zilizotengenezwa kwa ajili ya wakulima, zina fowili (tairi zote nne zinavuta) na difu loki (inayofanya tairi mbili za nyuma zizunguke pamoja), hizo kwenye tope la Mgeta nazipa kumi. Ila zilizotoka mikoa ya theluji angalia chasisi kwa tochi, barabara zao zinamwagwa chumvi na kutu inakula kimyakimya huku juu rangi inang'aa.

Ndugu zetu wa Kenya hizi za zamani hawawezi kuziagiza, wao gari ikizidi miaka minane haiingii.

Spea za K6A zipo kila kona, za F6A nazo zinapatikana ila kabureta nzima ya kueleweka ni kutafutana. Na ukikuta Mazda Scrum inauzwa bei rahisi usiikimbie, ni Carry ileile imebadilishwa nembo, yangu nshaifunga klachi ya Scrum na inapiga kazi.