Mashine ya mkono ya kufunga vizibo: inawafaa wanaopika bia nyumbani

Kwa anayepika lita 20 kwa mkupuo, mashine ya mikono miwili inatosha kabisa. Sumaku ndogo inashika kizibo cha milimita 26, meno mawili ya chuma yanabana shingo ya chupa. Shusha mikono yote miwili kwa pamoja, taratibu. Ukikandamiza upande mmoja kwanza, kizibo kinakaa mshazari na gesi inavuja. Kijaribu kwa vidole: kikizunguka, king'oe ufunge kipya.

Udhaifu wake ni kwenye chupa zenye ukingo mwembamba shingoni. Meno hayapati pa kushika, na ukilazimisha, shingo inakatika mkononi. Tumia chupa nzito za kahawia za nusu lita, zile za kurudisha dukani.

Ila mashine nzuri haikuokoi na sukari ya kutengeneza gesi iliyozidi! Gramu 6 kwa lita, yaani 120 kwa lita 20, zinatosha. Zichemshe kwenye maji kidogo, zipoe, kisha zikoroge kwenye bia polepole bila kutoa povu. Usijaze chupa kabla haidromita, kipimo kinachoelea kuonyesha sukari iliyobaki, haijaonyesha namba ileile siku tatu mfululizo, maana hamira ikiwa bado inakula sukari ya kimea, chupa zitapasuka. Acha nafasi ya sentimita 3 juu.

Kwa joto la Moshi wiki mbili zinatosha gesi kuiva chupani. Arusha mwezi wa Julai, ongeza wiki nzima. Jaza pia chupa moja ya plastiki ya soda uwe unaiminya: ikikakamaa, gesi imeiva.